UZI: Lord Salisbury, mzee wa Hatfield aliyekata mpaka wetu. Ijue nyumba aliyotoka

Mzee wa Jasini

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa Jasini, huku mwisho wa Tanga, ukivuka tu uko Kenya. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Vanga akaolewa huku kwetu. Sisi Wadigo tuko pande zote mbili, lugha moja, ngoma moja, ila makaburi ya wazee yamegawanyika. Nikiwa mdogo nilimuuliza bibi nani aliweka mpaka kati yake na dada zake. Alinijibu neno moja, "Wazungu", akaendelea kukuna nazi.

Shuleni wakatuambia ni Mkutano wa Berlin. Nimekuja kusoma ukubwani nikakuta si hivyo. Kule Berlin, 1884 hadi 1885, wakubwa waliwekeana masharti ya namna ya kugombea bara hili. Mstari unaopita karibu na kwetu ulikubaliwa baina ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, ukaja kukamilishwa kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Mara zote mbili Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa mtu mmoja: Robert Arthur Talbot Gascoyne-Cecil, Markisi wa 3 wa Salisbury (Markisi ni cheo cha kurithi cha wakubwa wa Uingereza).

Basi hao "Wazungu" wa bibi nimepata jina la mmoja wao, na nimetumia muda mrefu kumsoma. Mkataba nitaufikia. Naanzia nyumbani kwake, kwa sababu huyu alikuwa mtu wa nyumbani kuliko mtu wa ofisini, na mambo mengi ya dunia aliyaamua akiwa kwao, katikati ya mke, watoto na wapwa. Twende taratibu.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 Hatfield, kilomita kama 30 kaskazini ya London. Nyumba yenyewe ni jumba kubwa la matofali mekundu lililomalizika kujengwa mwaka 1611. Aliyelijenga ni babu yao, Robert Cecil, waziri wa Mfalme James wa Kwanza. Na baba yake huyo Robert ni William Cecil, Lord Burghley, yule mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Yaani ukoo wa Cecil ulikuwa na ufunguo wa serikali tangu miaka ya 1500. Uwanjani pale pale bado kuna kipande cha kasri la zamani alikolelewa Elizabeth, na ndipo alipofanya kikao chake cha kwanza na washauri alipopata habari za kurithi ufalme, Novemba 1558.

Mtoto anazaliwa humo. Tungetegemea akue kama simba. Hakukua hivyo.

Akiwa na miaka 5, mwaka 1835, upande wa magharibi wa jumba ulishika moto usiku, bibi yake mzaa baba akafia humo. Akiwa na miaka 9 mama yake akafariki. Mama huyo, Frances Gascoyne, ndiye aliyeleta ukwasi mpya kwenye ukoo, na ndiyo sababu jina la Gascoyne limetangulia mbele ya Cecil. Baba alikuwa mtu mkavu. Mtoto alikuwa mwembamba, mgonjwamgonjwa, macho mabovu, anapenda vitabu, michezo hawezi.

Wakampeleka Eton, shule ya wakubwa. Huko alipigwa na wenzake siku baada ya siku, kwa sababu alikuwa na akili na hakuwa na nguvu. Alimwandikia baba yake barua za kuomba aondolewe. Akaondolewa akiwa na miaka 15. Binti yake aliandika baadaye kwamba wakati wa likizo London, kijana huyu alikuwa akikwepa barabara kubwa na kupita vichochoroni, asije akakutana na mtu wa shule. Mtoto wa jumba la vyumba visivyohesabika anapita uchochoroni kwa woga. Hapo nilipofika mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Narudi baada ya magharibi.

Kichwa cha Treni

Mkuu, nimeweka kambi. Ila swali la haraka: kama alikuwa mgonjwa na mwoga hivyo, uwaziri mkuu aliupataje?

Mzee wa Jasini

Swali zuri, na jibu lake si la ushujaa.

Chuo alisoma Oxford, afya ikamshinda, akapewa shahada ya heshima tu ya daraja la nne katika hisabati. Daktari akashauri asafiri kwa meli. Kuanzia 1851 akazunguka karibu miaka miwili: Cape, Australia, New Zealand. Australia ilikuwa wakati wa homa ya dhahabu, akaenda mpaka machimboni kuona. Hiyo Cape ya Afrika Kusini ndiyo Afrika aliyoikanyaga. Kwetu huku hakufika maisha yake yote.

Aliporudi mwaka 1853 akapewa ubunge wa Stamford bila kupingwa, maana jimbo lilikuwa mkononi mwa jamaa zake. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Halafu hakuwa mrithi, alikuwa mdogo. Kaka yake James, ambaye alikuwa karibu kipofu kabisa, ndiye aliyesubiri kiti cha baba. Mwaka 1865 James akafariki, mwaka 1868 baba naye, na huyu wa vichochoroni ndiye akawa Markisi, mwenye Hatfield na mashamba yote.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo ambalo mimi naona ndilo lililomjenga. Ndoa.

Alimpenda Georgina Alderson, binti wa jaji. Jaji kwetu ni mkubwa, ila kwa baba yake Salisbury huyo alikuwa mtu wa chini, hana mashamba, hana mahari ya maana. Mzee akakataa. Kijana akaoa hivyo hivyo, tarehe 11 Julai 1857, na baba hakuhudhuria harusi. Wakaanza maisha London kwa kubana matumizi. Bwana akawa anaandika makala magazetini ili wale. Makala nyingi mno, za siasa na za vitabu, na nyingi hazikuwa na jina lake. Mtoto wa Hatfield anahesabu malipo ya makala aendeshe nyumba. Kalamu yake ilikuwa kali sana, hata kwa viongozi wa chama chake mwenyewe, na kalamu hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango.

Georgina alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Mchangamfu, anapenda wageni, anaongea, haogopi mtu. Mumewe alikuwa na vipindi vya huzuni nzito, na alikuwa anatembea usingizini. Yeye ndiye aliyemshika mkono miaka yote hiyo.

Walizaa watoto 8. Mmoja, Fanny, alikufa akiwa mchanga. Waliobaki: Maud, Gwendolen, James, William, Robert, Edward na Hugh. Yashikeni majina haya, nitayarudia.

Msomaji wa Usiku

Nipo Uingereza mwaka wa 9 sasa. Hatfield nilifika. Ukishuka kwenye treni, geti la hilo jumba liko ng'ambo tu ya barabara, huhitaji kuuliza. Na mbele ya geti kuna sanamu yake, ameketi, ndevu mpaka kifuani. Nilikuwa nampita bila kujua ana uhusiano wowote na sisi. Mkuu hebu tuambie maisha ya humo ndani yalikuwaje, maana nilipoingia nilionyeshwa picha za ukutani tu.

Mzee wa Jasini

Humo ndani, ndugu yangu, ndimo ninamopenda.

Kwanza alikuwa mpenzi wa sayansi. Alikuwa na maabara yake Hatfield, na jumba lile lilikuwa miongoni mwa nyumba za mwanzo Uingereza kuwashwa taa za umeme, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Nyaya hazikuwa zimefunikwa kama tujuavyo leo. Zikipata moto kwenye mbao za ukutani, familia ilikuwa inachukua mito ya makochi na kuitupia juu mpaka moto uzime, halafu mazungumzo yanaendelea. Lakini mtunza bustani mmoja alipigwa na umeme huo akafa. Waandishi wengi wanalisimulia la mito na kuliruka la mtunza bustani. Mimi nayaweka yote mawili pamoja, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: starehe ya juu, na mtu wa chini analipa.

Akaweka simu pia, mapema kabisa. Kuipima alikuwa anasema maneno ya wimbo wa watoto, ule wa ng'ombe aliyeruka mwezi, na wageni waliokuwa vyumba vya mbali wanasikia sauti ya bwana mkubwa inatoka ukutani inaimba habari za ng'ombe.

Pili, malezi. Wakati ule watoto wa wakubwa walikuwa wa kuonekana tu, wasisikike. Hatfield ilikuwa tofauti. Watoto walikaa mezani na wazee, wakabishana siasa na dini na baba yao, na baba aliwajibu kama anavyowajibu mawaziri. Huwezi kusema neno ovyo, lazima ulitetee. Mtu aliyenyimwa baba mlaini aliamua kuwa baba wa namna nyingine, na nampa heshima hiyo bila kinyongo. Asubuhi walisali pamoja kwenye kanisa dogo la nyumbani. Dini kwake haikuwa maonyesho.

Macho yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba hata mawaziri wake mwenyewe alikuwa akiwapita bila kuwatambua. Alikuwa mrefu, karibu mita 2, na uzeeni mnene. Daktari alipomtaka afanye mazoezi, akanunua baiskeli ya magurudumu matatu, akawa anazunguka nayo kwenye njia za shamba. Kwenye kilima kijana anamsukuma, kwenye mteremko kijana anadandia nyuma.

Malkia Victoria alitaka kumpandisha cheo awe Duke. Akakataa, akisema ukubwa huo una gharama zake. Kauli ya ukoo wao, iliyoandikwa kwa Kilatini kwenye nembo, maana yake ni kuchelewa lakini kwa dhati. Inamfaa.

Bint Malindi

Kaka, unamsimulia vizuri mpaka mtu anampenda. Lakini huyu si ndiye aliyetugawa? Mbona unampamba?

Mzee wa Jasini

Dada Bint Malindi, simpambi. Ninachotaka tuone ni kwamba mtu anaweza kuwa mpole mezani kwake na bado akakata shamba la mwenzie bila kuuliza. Ngoja nianze na lililomsumbua yeye mwenyewe, kisha nifike kwetu.

Mwaka 1866 alipewa uwaziri wa India, ndiyo kwanza anaingia serikalini. Kule Orissa kulikuwa na njaa. Alionywa, akachelewa kama miezi 2 bila kuchukua hatua, kwa kuwaamini maofisa waliosema hali si mbaya. Watu wapatao milioni 1 walikufa. Hadi uzeeni alikuwa anasema hawezi kujiona hana lawama. Tangu hapo hakuwaamini sana wataalamu. Nalisema kwa sababu linanionyesha kwamba alikuwa na dhamiri, tena yenye kuuma. Sasa tazama dhamiri hiyo ilipofika Afrika Mashariki ilikuwa na nafasi gani.

Mwaka 1886 kampuni ya Wajerumani ilikuwa imeshasambaza mikataba bara, Sultani Barghash wa Zanzibar anasema nchi ni yake. London na Berlin wakakaa bila Sultani wakaamua: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Nyuma ya ukanda huo, nchi ikatwe kuanzia mdomo wa mto Umba, hapa kwetu, mpaka ziwa Jipe, izunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha iende moja kwa moja mpaka ziwa Victoria. Kaskazini Mwingereza, kusini Mjerumani. Waziri wa mambo ya nje wakati ule alikuwa Lord Iddesleigh. Januari 1887 mzee huyo alianguka pale Downing Street, akafariki mbele ya macho ya Salisbury, na Salisbury akachukua wizara hiyo akaishika pamoja na uwaziri mkuu.

Ndiyo maana mkataba wa 1890 ni wake kabisa, kwa mkono wake. Alikuwa anahofia mto Nile. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882 kwa ajili ya mfereji wa Suez, na Suez ni njia ya India. Anayeshika chanzo cha Nile anaishika Misri kooni, ndivyo walivyoamini. Kwa hiyo Uganda isiende kwa Mjerumani. Akatafuta cha kumpa Mjerumani, akakumbuka kisiwa cha Heligoland kule bahari ya Kaskazini, ambacho Uingereza ilikichukua kwa Wadenmark mwaka 1807. Kisiwa hakifiki kilomita 2 za mraba. Kwa kisiwa hicho Ujerumani ikakubali Zanzibar na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaachia Witu na madai yake upande wa Lamu, na Uganda ikabaki upande wa Mwingereza. Ujerumani nayo ikathibitishiwa bara la Tanganyika, na ule ukanda wa pwani ikaununua kwa Sultani kwa Maki milioni 4.

Malkia Victoria mwenyewe alilalamika kuhusu Heligoland, kwamba watu wa kile kisiwa wanatolewa bila kuulizwa. Dada yangu, wapo waliowahurumia wavuvi wa Heligoland. Kutuhurumia sisi sijaona.

Na mwaka ule ule, Agosti, Salisbury alisimama kwenye karamu London akasema kwamba wamekuwa wakichora mistari kwenye ramani mahali ambapo mguu wa mzungu haujafika, wakigawiana milima, mito na maziwa, shida ikiwa ni moja tu ndogo, kwamba hawakujua hiyo milima na mito iko wapi hasa. Wageni wakacheka. Huo ndio ukweli kutoka kinywani mwake. Mimi sikucheka. Bibi yangu alikuwa na dada 2 upande wa pili wa hiyo mistari.

Rombo Juu

Mleta uzi, umegusa Kilimanjaro. Huku kwetu wazee wanasema Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm, Kaiser (mfalme) wa Ujerumani, mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka unapinda. Je?

Mzee wa Jasini

Hapana, mkuu. Hadithi nzuri lakini tarehe zinakataa. Mpaka uliozunguka mlima ulikubaliwa mwaka 1886. Wilhelm alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888.

Sababu ya kupinda ni ya karatasi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alichukua mikataba upande wa Taveta. Mwaka 1885 Mjerumani Jühlke akapata mkataba wake kwa Mangi Rindi wa Moshi. London na Berlin zilipokaa, kila mmoja akashika alichokuwa nacho: Taveta ikaenda huku, Uchagani kukaenda kule, mstari ukapita katikati. Ninyi wa Rombo mna ndugu Taveta kwa sababu ya makaratasi hayo, zawadi haikuwepo.

Kijana wa Ng'ambo

Assalaam alaykum sheikh. Mimi niko Unguja. Naomba usiiruke 1896, maana huyo mzee alikuwa bado yupo.

Mzee wa Jasini

Waalaykum salaam. Siiruki. Alirudi madarakani mwaka 1895, tena akiwa Waziri Mkuu na waziri wa mambo ya nje kwa pamoja.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila idhini ya balozi wa Mwingereza. Balozi akapiga simu ya maandishi London. Jibu likaja: mnaruhusiwa kuchukua hatua yoyote mnayoona ni ya lazima, serikali itawaunga mkono, ila msianze jambo ambalo hamna hakika ya kulimaliza. Tarehe 27 saa tatu asubuhi manowari zikafungua mizinga. Haikufika saa moja. Upande wa ikulu waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500, Mwingereza mmoja akajeruhiwa. Beit al-Hukm ikabomolewa. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, Waingereza wakaja kumkamata mwaka 1916, na alifia Mombasa mwaka 1927.

Wewe uko hapo hapo, hayo unayajua kuliko mimi. Mimi nilitaka tu watu waone ule mwisho wa jibu la simu. "Msianze msichoweza kumaliza." Huyo ndiye Salisbury mzima mzima. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikuwa anapima, na ikishakuwa rahisi anaruhusu.

Kijana wa Ng'ambo

Babu yangu mzaa babu alikuwa mpagazi wa bandarini siku hiyo. Alisimulia kwamba moshi ulipotulia, kitu cha kwanza alichosikia ni kuku wanalia. Ahsante sheikh, endelea.

Kichwa cha Treni

Na reli? Jina langu linadai.

Mzee wa Jasini

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu Desemba 1901. Yote hiyo ni chini ya serikali yake, na sababu ni ile ile ya Nile. Reli inataka uzi wake, tusiichanganye hapa.

Turudi kwa familia, maana ahadi ilikuwa hiyo.

Kufikia mwaka 1900 baraza lake la mawaziri watu waliliita "Hoteli ya Cecil". Mpwa wake Arthur Balfour, mtoto wa dada yake Blanche, ndiye kiongozi wa serikali bungeni. Mpwa mwingine, Gerald Balfour, wizara ya biashara. Mkwewe Selborne, mume wa Maud, wizara ya jeshi la majini. Mtoto wake mkubwa James, naibu wizara ya mambo ya nje. Na mwaka 1902 alipostaafu, kiti cha uwaziri mkuu kikaenda kwa Arthur huyo huyo. Yeye Salisbury mwenyewe alikaa kwenye Baraza la Malodi, lile la wakubwa wenye vyeo, si la wabunge wa kuchaguliwa, na hadi leo hajatokea tena Waziri Mkuu aliyeongoza serikali akiwa huko muda wote. Tunapolalamika huku kwetu kwamba fulani kampa shemeji yake cheo, tujue hata mabingwa walikuwa na mchezo huo.

Lakini mwisho wake ulikuwa mzito. Oktoba 1899 vita ya Makaburu ilianza. Mtoto wake Edward, mwanajeshi, akazingirwa na maadui ndani ya mji wa Mafeking, Afrika Kusini, pamoja na kamanda Baden-Powell. Barua hazitoki vizuri, hajulikani atapona au la. Katikati ya hofu hiyo, Novemba 20 mwaka huo huo, Georgina akafariki. Mama amekufa mtoto akiwa bado amezingirwa. Mji ulikombolewa Mei 1900. Mzee hakurudi kuwa yule wa zamani. Aliachia madaraka tarehe 11 Julai 1902. Tarehe ile ile aliyomwoa Georgina, miaka 45 kabla. Sijui kama alikusudia. Alifariki Hatfield tarehe 22 Agosti 1903.

Gwendolen hakuolewa. Alibaki akaandika maisha ya baba yake, vitabu 4, na bado hakumaliza, aliishia mwaka 1892. Mengi ya humu ndani ya nyumba tunayajua kwa kalamu yake.

Kisha vita ya kwanza ya dunia ikaja kuchukua wajukuu. George, mtoto pekee wa kiume wa Edward, aliuawa Ufaransa Septemba 1914. William, aliyekuwa askofu wa Exeter, alipoteza watoto 3: Rupert, Randle na John. Maud akampoteza mtoto wake Robert kule Mesopotamia mwaka 1916. Watano.

Sasa shikeni hili. Yule mtoto wa tatu wa kiume wa Salisbury, Robert, alifanya kazi na Msalaba Mwekundu Ufaransa mwaka 1914, akitafuta habari za askari waliopotea kwa ajili ya familia zao. Alirudi na wazo kwamba lazima kiundwe chombo cha kuzuia vita. Akawa mmoja wa walioandika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa zamani, ule wa League, mjini Paris mwaka 1919. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Na chombo hicho ndicho kilichokuja kumkabidhi Mwingereza dhamana ya Tanganyika mwaka 1922. Binamu yake Arthur Balfour naye alikuwa mmoja wa waliotia saini Mkataba wa Versailles wa kumaliza vita hiyo, ambao ndio ulioivua Ujerumani makoloni yake.

Baba alimwachia Mjerumani nchi yetu mwaka 1890. Kizazi kimoja baadaye mtoto na mpwa wake wako kwenye meza ile ile inayomnyang'anya. Meza moja ya chakula Hatfield, watoto waliofundishwa kubishana na baba yao, na hatima ya watu wa Umba, Taveta na Rombo ikawa inapita mikononi mwao mara mbili. Na mstari? Walipopata pande zote mbili hawakuufuta. Uliachwa pale pale.

Bint Malindi

Nimekuelewa sasa kaka. Naomba radhi kwa kusema unampamba. Hilo la mama kufa mtoto akiwa kwenye kuzingirwa limenigusa. Na bibi yako aliwaona tena dada zake?

Mzee wa Jasini

Aliwaona dada, sana tu. Zamani watu walipita kwa miguu, msiba ukitokea Vanga habari inafika na watu wanaondoka usiku huo huo na mchele kichwani. Baadaye ikawa makaratasi. Mdogo wake wa mwisho alipofariki, bibi alikuwa mzee, akazuiwa njiani kwa kukosa kitambulisho. Alikaa chini ya mwembe mpaka alasiri, akarudi. Nilikuwa naye, nimebeba kile kikapu. Hakusema kitu njia nzima.

Wa Vanga Asilia

Salaam mzee. Nimesoma uzi wote toka jana. Mimi ni wa Vanga. Huyo mdogo wa bibi yako alizikwa lini, na mumewe alikuwa mvuvi au fundi wa majahazi? Kuna bibi mmoja wa familia yetu alikuwa akisema ana dada Jasini ambaye hakuja mazikoni na watu wakamlaumu.

Mzee wa Jasini

Fundi wa majahazi. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua za vuli zimeisha. Njoo pembeni ndugu yangu, nikupe namba.